Kikohozi Mbele ya Mkwe

Mimi kusoma sijui, kuandika ndiyo kabisa. Anayeandika hapa ni Zawadi, binti yangu. Mimi namenya viazi huku naongea, yeye anabonyeza simu. Nimemwambia asiyanyooshe maneno yangu. Akiyanyoosha nitajua, maana lazima anisomee.

Tunaandika kwa ajili ya yule ambaye leo yuko kwenye benchi la hospitali, kafunga kitambaa mdomoni, anasubiri kuitwa jina. Hilo benchi nimelikalia. Sogea kidogo na mimi nikae, nikuambie yaliyonipata.

Kwanza unijue. Naitwa Yustina, kwetu Igowole, huku Mufindi kwenye baridi na mashamba ya chai. Watu wananijua kwa mdomo. Naiga watu. Padri wetu nikimwiga anacheka mwenyewe mpaka anashika ukuta. Mwenyekiti wa kijiji anaongea kama kaweka kiazi cha moto mdomoni, hataki kukitema mbele ya wageni: "Wo-wote, mku-tano, sa-a nne." Wakati wa kupukuchua mahindi wanawake wananiwekea kigoda katikati, gunzi hawanipi. "Mama Zawadi, wewe ongea tu, mikono tunayo sisi." Nimekula mahindi ya watu wengi kwa kazi hiyo ya mdomo.

Basi mwaka ule sauti ikaanza kuondoka wakati wa kuvuna. Haikuondoka yote mara moja. Iliondoka mtu mmoja mmoja. Wa kwanza kunikimbia alikuwa wifi yangu Veronika, dada wa marehemu mume wangu. Sauti yake iko juu, nyembamba, kama mlango usiopakwa mafuta. Siku hiyo nataka kumwiga, nafungua mdomo, inatoka hewa. Wanawake wakadhani ndiyo kichekesho chenyewe, wakacheka. Wiki zinapita, watoto nao wakanikimbia, siwapati. Halafu padri. Mwenyekiti ndiye aliyekaa mpaka mwisho kwa sababu yake ni nzito, inatoka chini. Kisha na yeye akaondoka na kiazi chake. Nikabaki na mnong'ono tu.

Wifi Veronika akaja kunitazama. Alisema, na sasa naweza kumwiga vizuri, "Wifi, mimi nilikuambia. Umemwiga mtu asiyeigwa. Kuna mtu kakasirika, kachukua sauti yake, na ya kwako kaiongezea juu." Nikamnong'oneza, "Labda ni wewe." Akanuna mpaka uji ukapoa.

Zahanati walinipa dawa ya maji ya kikohozi, tamu, nikaimaliza. Wakanipa vidonge, nikamaliza. Kikohozi kikavu kikabaki palepale. Kumeza mate ni kama kumeza sindano. Asubuhi naamka shuka imelowa wakati nje kuna umande wa barafu kwenye majani. Khanga niliyokuwa naizungusha mara moja ikawa inazunguka mara mbili na ncha inabaki ya kufungia chumvi.

Zawadi kaolewa Mbeya. Akawa anapiga simu, ananisikia kwa mbali. "Mama, mtandao unakata, sogea dirishani." Nikasogea dirishani. "Toka nje, mama." Nikatoka. Nikapanda mpaka kwenye kichuguu cha shamba la jirani, nimeinua simu juu kama mtu anayetungua parachichi, na bado nanong'ona. Mpaka Veronika akaninyang'anya simu akamwambia, "Si mtandao. Ni mama yako ndiye anayekata." Hapo Zawadi akalia, akasema nipande basi kesho yake.

Sasa hapa ndipo pa kuelewa vizuri, maana shida yangu yote ilianzia hapa. Zawadi alikuwa kajifungua mtoto wa kike, hata kitovu hakijadondoka vizuri. Kutoka nje hawezi. Mtu wa kunipeleka hospitali akabaki mmoja tu, mume wake. Mkwe wangu.

Mkwe wangu ni Mnyakyusa, fundi seremala, mrefu, mpole, mikono kama makasia ya kukorogea pombe. Jina lake mimi silitaji, na Zawadi nimemkataza kuliandika. Kwetu mama mkwe na mkwe ni watu wa heshima. Hamli sahani moja. Hampeani mkono. Akipita, najifunika khanga kichwani naangalia chini, na yeye anapita pembeni kama kaona nyuki. Kulala nyumba moja na mkwe, chini ya bati moja, hapana. Yeye analijua hilo, kwao nako wana heshima zao. Nilipofika alikuwa kashasafisha jiko la nje, lile la kuni, kaweka kitanda alichopiga randa mwenyewe, kabandika na dirisha. Akasimama mbali, akamwambia Zawadi kwa sauti ili nisikie, "Mwambie mama, kitanda hakipigi kelele. Nimekijaribu."

Hospitalini tukaenda mimi na yeye. Yeye mbele na mkoba wangu wa maua begani, mimi nyuma nimejifunika. Nesi akanipa kikopo. Nesi yule sauti yake ni ya mtu anayeita kuku: "Mama, sikiliza. Vuta pumzi, kohoa kutoka chini kabisa, kutoka tumboni, utoe makohozi, utemee humu. Sitaki mate. Nataka makohozi. Baba, na wewe umesikia? Msaidie mama."

Mkwe kasimama hapo na kifuniko cha kikopo mkononi.

Niambie wewe. Mwanamke wa kwetu hata kupiga mwayo mbele ya mkwe hapigi. Sasa nikohoe kutoka tumboni, nikoromee, niteme kitu, na yeye afunike? Nikageukia ukutani. Nikatema kidogo tu, ptu, mate meupe masafi, kama mtu aliyeonja sukari. Mkwe naye maskini alikuwa anaangalia dari, anazikagua mbao za watu. Akafunika bila kutazama, akapeleka.

Jibu likatoka, hakuna mdudu. Wakaniambia nilete tena ya asubuhi. Nikaleta, ptu. Wakataka tena mara nyingine, ptu. Hakuna mdudu. Mkwe akafurahi, akamwambia Zawadi, "Kifua cha mama kisafi." Mimi nami nikaamini. Mashine ya watu imesema.

Kwa hiyo wakanipeleka kwa daktari wa koo. Mama mmoja wa pwani, mzuri, ananukia udi kwa mbali, Kiswahili chake kimepigwa pasi. "Mama yangu, karibu kiti. Nitaingiza kamba hii nyembamba puani, ina kamera mbele. Utahisi kuwashwa, usishtuke. Haya, sema iii." Nikasema iii, hakuna kilichotoka. Akaangalia kwenye kioo chake muda mrefu. Nikajua. Mtu akinyamaza na wewe una kamba puani, unajua.

Akavua glavu, akanishika goti. "Mama yangu, sitakuficha. Kwenye nyuzi za sauti kuna kidonda, kimevimba vibaya. Makohozi yako hayakuonyesha kifua kikuu. Kwa hiyo ninahofia saratani. Nimechukua kinyama kidogo tukipime. Ikiwa ndiyo, na imeshika mizizi, huenda tukaondoa kisanduku chote cha sauti. Utaishi, utapumua kwa tundu hapa shingoni. Lakini kuongea kama zamani, hapana."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi. Kulia nilitaka, lakini kilio bila sauti hakishibishi. Machozi yanashuka tu kama bomba bovu.

Kwenye benchi lile kulikuwa na mtu anaitwa Shaibu, mchimbaji wa dhahabu kutoka Makongolosi, kakondeana, macho yanacheka. Yeye alikuwa na kifua kikuu. Alikuwa anakohoa bila haya yoyote, kama anawasha pikipiki ya zamani, ngu-ngu-ngu-nguuu, watu wote wanahama benchi, anabaki na nafasi ya kunyoosha miguu. Akaniona. "Bibi, usilie. Mimi wakinipasua humu ndani hawafungi tena, wataweka ulinzi. Mapafu yote vumbi la dhahabu." Nikacheka. Kicheko nacho hakikuwa na sauti, lakini yeye alikiona, akaridhika.

Nyumbani tukagombana, mimi na Zawadi. Nilimwambia kwa mnong'ono, koo sitoi. Akasimama mlangoni pa jiko na mtoto begani. "Mama, afadhali uwe bubu lakini upo."

"Nipo wapi? Mimi bila mdomo ni kuni."

"Mtoto wangu atamjua bibi gani? Wa kwenye picha?"

"Atanijuaje mimi bila sauti? Nitamwambia nini, nimpungie mkono kama mgeni?"

Akaondoka kwa hasira. Baadaye nikasikia mkwe nje, nyuma ya ukuta wa jiko, anaongea na ukuta. Mimi ndani, yeye nje, hatuonani. "Mama," akasema, "mimi maneno sina. Lakini usiku mtoto akilia, Zawadi anamwimbia kwa sauti yako ile ya zamani. Anakuiga. Ndiyo hivyo tu, mama." Akaenda zake kupiga randa. Hata ningekuwa na sauti nisingemjibu. Lakini siku mbili tatu zile niliacha kusema sitoi. Nikasema tungoje.

Kungoja ndiyo ugonjwa wenyewe, nakuambia. Majibu ya kinyama yalikuja hayaeleweki. Daktari akasema kipande kilikuwa kidogo, kimeonyesha uvimbe tu, lazima achukue kingine. Akachukua. Tukaanza kungoja upya. Nje ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, milima ya Mbeya imefunikwa moshi wa watu wanaochoma mashamba.

Hapo ndipo akaja Elia. Kijana wa maabara, kofia nyuma mbele, koti jeupe halijafungwa vifungo. Akasimama mbele ya mabenchi: "Wazazi wangu, shikamooni. Tunafanya utafiti. Tuna mashine mpya inapima damu, inatafuta dalili za kifua kikuu bila kutumia makohozi. Anayekubali tunamtoa damu kidogo. Asiyekubali hamna noma, matibabu yake yako palepale." Watu wakaangalia viatu vyao. Shaibu akanyoosha mkono, "Chukua, kijana, chuja dhahabu yako." Na mimi nikanyoosha. Si kwa ushujaa, nilichoka kukaa.

Nikataka kuiona hiyo mashine. Kumbe kitu chenyewe ukubwa wa kiberiti cha jikoni, kimeunganishwa waya kwenye kompyuta. Nikamnong'oneza, "Hii ndiyo itaniona ndani?"

"Bibi, hii kitu ni kali," akasema. "Humu ndani kuna kitundu kidogo, kidogo kiasi kwamba huwezi kukiona kwa namna yoyote. Umeme unapita hapo muda wote, kidogokidogo. Sasa kwenye damu kuna vitu vinaitwa protini, aina nyingi. Mdudu wa TB naye anaachia protini zake. Kila protini ikipita kwenye kitundu inaziba umeme kidogo, na kila moja inaziba kwa namna yake. Kompyuta inaandika jinsi umeme ulivyokatika, na sisi tunajua nani kapita."

Nikafikiri. Halafu nikamwonyesha kwa mikono. Nikamwambia pale ninapolala, jiko la Zawadi, mlango ni mfupi na mwembamba, dirisha dogo, ndani giza. Mchana nimelala naangalia ukutani, mtu akiingia mwanga unakatika nyuma yangu. Zawadi anaukata upesi, anaingia kwa ubavu kwa sababu ya mtoto. Jirani yule mnene anauziba wote, giza kabisa, anasimama kwanza apumue. Kuku anakata chini tu, tip tip. Mbwa anaingia nusu, anatoka. Sihitaji kugeuka. Na mkwe yeye hajawahi kuukata, anaishia nje.

Elia akacheka. "Ndiyo hivyohivyo, bibi. Tofauti yetu wanapita wengi, na wengine wanapita wawili pamoja, mashine inachanganyikiwa. Ndiyo maana bado tunaijaribu. Usiitegemee." Akaivuta damu. Damu yangu ikatoka nyekundu safi, haina hofu ya mtu, haikuuliza nani kasimama pale.

Mvua za kwanza zilikuwa zinatishia kunyesha, mawingu yanakuja yanaondoka, walipotuita. Nimeingia ndani, namkuta daktari wa koo na Elia wote wawili. Mkwe kabaki dirishani nje na mkoba wa maua.

Daktari akasema, "Mama yangu, ile mashine ya huyu kijana inasema kwenye damu yako kuna protini za mdudu wa kifua kikuu. Sasa nielewe vizuri. Mashine hii haijakomaa, siwezi kukuanzishia dawa kwa neno lake peke yake. Lakini imenikosesha usingizi. Kifua kikuu kinaweza kukaa kooni na kufanana sana na saratani. Na makohozi yako yamepimwa, yakaonekana safi. Hebu nionyeshe, uliyatoaje?"

Nikamwonyesha. Nikageukia ukutani, nikashika khanga. Ptu.

Daktari akasema, "Hayo ni mate, mama."

"Ndiyo."

"Nesi hakukuambia makohozi?"

"Aliniambia."

"Sasa kwa nini, mama yangu?"

Nikanyoosha kidole dirishani. Mkwe kasimama pale, mrefu, kaubeba mkoba kama mtoto, anatazama mawinguni. Nikanong'ona, "Mkwe."

Elia hakuelewa. Daktari alielewa. Aliangalia dirishani, akaniangalia mimi, akaangalia chini. Mabega yakaanza kumtikisika. Akafuta macho. "Mimi mkwe wangu yuko Tanga," akasema. "Akija nyumbani, mimi nakula chumbani." Kisha akafungua dirisha, akasema kwa ile sauti ya pasi, "Baba, tafadhali nenda ukamnunulie mama chai. Ya mbali. Usiharakishe."

Nikapelekwa nyuma, kwenye uwazi wanapotolea makohozi, upepo unapita. Shaibu alikuwa huko kamaliza zamu yake. Nesi anaanza kunifundisha, Shaibu akamwambia, "Sista, hebu niachie mimi bibi huyu, ni fani yangu." Akasimama mbali kidogo, upande upepo unakokwenda. "Bibi, panua miguu. Shika kiuno. Vuta hewa kama unataka kumtukana mtu wa ng'ambo ya mto. Sasa washa pikipiki."

Nikawasha. Ya kwanza ikazima. Ya pili ikashika. Mwenzangu, vikatoka vitu kutoka sehemu ambazo sikujua ninazo. Nikakaza, nikakoroma kama lori la mbao linapanda mlima, nikatema kwenye kikopo, nikafunika mwenyewe. Shaibu akapiga makofi polepole, kwa heshima.

Jibu halikuchelewa. Mdudu yupo, wengi, wamejaa. Daktari akaniita akasema, "Mama yangu, una kifua kikuu cha koo. Kina dawa. Hatutagusa sanduku lako la sauti." Na kinyama kile cha pili nacho kilikuja baadaye kikasema hivyohivyo, kimechelewa kama mgeni aliyepotea njia.

Sijui kama umewahi kumwona mtu anaambiwa ana kifua kikuu anashika mikono ya daktari anaibusu. Nilifanya hivyo. Nje mkwe alikuwa karudi na chai imepoa. Daktari ndiye aliyemweleza, si mimi. Akakaa chini kwenye ngazi, akaweka kikombe pembeni, akasema tu, "Ndaga fijo," asante sana kwa kwao, akarudia, akarudia. Hakuniangalia. Mimi nikamwangalia kidogo, kwa pembe ya khanga.

Kisha ikawa zamu yao kupimwa, nyumba nzima. Mkwe akapewa kikopo, mimi nikaambiwa nitoke. Nilitoka mpaka getini, lakini kikohozi chake kilinifikia getini, na mlinzi alisimama. Zawadi, hapo usimsomee mumeo. Walikuwa salama wote. Kichanga walikipa dawa ya kukikinga, na daktari akasema kulala kwangu jiko la nje, dirisha wazi, kumewasaidia sana. Zawadi akasema, "Mama, heshima yenu ilitaka kukuua, halafu ikamwokoa mtoto." Nikamwambia aache kuhesabu, aniletee uji.

Dawa. Nawaambia ukweli kuhusu dawa ili msishtuke. Ni vidonge vikubwa, kila siku, miezi sita, na husemi leo nimepona naacha. Mkojo unakuwa rangi ya soda ya chungwa. Siku ya kwanza nilipiga kelele bila sauti, nikamwita Zawadi kwa kugonga sufuria. Akaangalia, akasema, "Walikuambia, mama." Kweli waliniambia. Tumbo linachafuka, viungo vinauma, mwanzoni unachukia hata harufu ya chai. Halafu siku moja njaa inakuja. Njaa ile haina adabu. Nilikula viazi vya Zawadi, nikala na maparachichi yaliyokuwa yamewekwa yaive.

Walipohakikisha siambukizi tena, mvua zimeshika, nikarudi Igowole kumalizia dawa kwa zahanati yetu. Wenzangu wamepanda, shamba langu limepandwa na Veronika, mistari imepinda kama nyoka kala. Lakini kikombe changu alikiosha peke yake, akakiweka peke yake, dirishani. Nikamnong'oneza, "Wifi, hicho kikombe kimefanya kosa gani?" Akasema, "Aah, kinakauka tu." Kikakauka wiki nzima. Nilimpeleka zahanati, mwuguzi akamweleza kwamba anayekunywa dawa vizuri haambukizi, na kikombe hakina neno. Aliporudi alikichukua kile kikombe, akamimina chai, akanywa yeye kwanza, macho yananiangalia. Ndiyo wifi yangu. Kuomba msamaha hajui, lakini chai ile aliimaliza.

Msimu wa ulanzi ukafika, mianzi inatoa maji, vijana wanapita na madumu. Mimi na dawa zile pombe hapana. Nilikaa kwenye mikusanyiko na maji ya moto, naangalia watu wanavyolewa. Hicho nacho ni kipimo.

Na sauti? Ilirudi kwa mlango iliotokea. Alianza mwenyekiti. Asubuhi moja namfukuza mbuzi kwenye mboga, nasikia, "Wo-wote." Mimi mwenyewe niligeuka kumtafuta. Halafu padri akarudi, kwanza siku za kawaida, baadaye mpaka misa ya kuimba. Watoto walikuja wakikohoa. Veronika alikuwa wa mwisho kurudi, na mpaka leo anakuja na mikwaruzo, anasema simwigi vizuri. Sasa wewe, uongo huo mpaka lini?

Kwa hiyo wewe wa kwenye benchi, nisikilize. Mashine ile ya kitundu bado wanaifundisha, Elia aliniambia hivyo, labda hutaikuta hospitali unayokwenda. Kikopo utakikuta. Ukipewa kikopo, mwambie nesi amtoe nje mkwe, mwana, padri, mtu yeyote unayemheshimu. Uliza ni wapi pa kukohoa kwa nafasi. Panua miguu, shika kiuno. Shaibu alipona, yuko Makongolosi, na amesema kila anayemtaja kwenye jambo hili amletee kuku. Nimemtaja. Aje achukue.

Mahindi mabichi yalipokuwa tayari nikarudi Mbeya, dawa zimeisha. Zawadi akanisindikiza mwenyewe, mtoto mgongoni kanenepa, ana meno mawili. Daktari akaingiza kamba yake. "Sema iii." Nikamjibu kwa sauti yake yeye, ya pasi, "Mama yangu, usishtuke, utahisi kuwashwa." Nesi akaangusha trei. Nikampa na sauti ya Elia, nikampa na ya nesi mwita kuku. Benchi la nje lote likawa limehamia mlangoni.

Daktari akatoa kamba, anacheka. "Pamepona, mama. Kovu limebaki kidogo kwenye nyuzi, kwa hiyo sauti haitakuwa ile ya zamani kabisa. Hao wote nimewasikia. Sasa hebu nisikie ya kwako. Niambie jina lako tu, kama unavyojiita."

Nikafungua mdomo, nikasema jina langu. Ikatoka nzito, tulivu, na mkwaruzo mwishoni kama ungo unapepeta.

Zawadi alikuwa anamnyonyesha mtoto. Akainua kichwa. "Hiyo ni ya bibi," akasema.

Ilikuwa ya mama yangu. Ndiye aliyemlea Zawadi mpaka akaanza shule, na alikuwa na mkwaruzo huo huo, hatukujua umetoka wapi. Watu wote nimewaiga ila yeye. Tulipomzika nilijaribu, nimejifungia ndani, nikajaribu na mwaka uliofuata, haikuja, nikaacha. Daktari akaniuliza kama nasikitika ile ya zamani imekwenda. Nikamwambia asubiri kwanza nisikie tena, nikasema jina langu mara nyingine, na jina la Zawadi, na jina la mtoto.

Jioni Zawadi yupo uani anaanua nguo, mimi jikoni, sufuria imechemka. Nikaita, "We Zawadi, maji hayo."

"Abee bibi," akaitikia, akaja mbio, na nguo zote mikononi, akanikuta ni mimi.

Tukaangaliana. Akageuka kurudi kwenye kamba ya nguo. Nikamwita tena.